Utume wa Kanisa na haki ya jamii: ugomvi uko wapi hasa?

Kila maaskofu wa Afrika Mashariki wanapotoa waraka unaogusa uchaguzi, ardhi, kodi au mwenendo wa polisi, hoja ileile huibuka kabla waraka wenyewe haujasomwa katika nusu ya makanisa: kwamba kazi ya Kanisa ni kuokoa roho za watu, na kwamba askofu anayetamani siasa avue joho akagombee ubunge kama wenzake. Hoja hiyo haisikiki askofu huyohuyo anapofungua zahanati, anapozindua kisima au anapoweka jiwe la msingi la sekondari ya wasichana, ingawa kisima hakihusu roho ya mtu zaidi ya kodi anayotozwa. Siku hiyo mkuu wa wilaya huketi meza kuu na kulishukuru Kanisa kwa kushirikiana na serikali katika kuwaletea wananchi maendeleo. Mtu akiitazama tofauti hiyo kwa makini, ataona kwamba swali tulilozoea kuuliza, yaani kama Kanisa lihubiri Injili au lishughulikie jamii, lilikwisha kujibiwa kwa vitendo miaka mingi iliyopita na pande zote zikaridhika na jibu. Kinachogombaniwa ni kitu chembamba zaidi, na makala haya yanajaribu kukitenga na vingine vilivyokizonga.

Yafaa kwanza kutenganisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kawaida hutiwa kapu moja. La kwanza ni huduma: kumfunga jeraha aliyeumia, kumlisha mwenye njaa, kumzika asiye na wa kumzika. La pili ni maendeleo: kumpa mtu elimu, mbegu, mkopo au ufundi ili kesho asihitaji kulishwa. La tatu ni haki: kuuliza ni nani aliyemjeruhi, kwa sheria ipi, kwa amri ya nani, na ni nani anayenufaika na jeraha hilo, kisha kulisema jibu hadharani. Huduma na maendeleo vinahitaji fedha, ujuzi na moyo wa kujitolea. Haki inahitaji kumtaja mtu au ofisi. Ndiyo maana Kanisa linaweza kufanya makubwa katika mawili ya kwanza kwa miaka mia bila kukosana na mtawala yeyote, na likifika la tatu ndipo hukumbushwa kwamba ufalme wa Bwana wake si wa ulimwengu huu.

Maandiko hayampi nafuu anayetaka kuukata utume vipande viwili. Wanaosisitiza uinjilisti hutegemea agizo lililo mwishoni mwa Injili ya Mathayo, la kwenda kuwafanya mataifa yote kuwa wanafunzi, lakini agizo hilo halikomi kwenye ubatizo. Linaendelea kusema "na kuwafundisha kuyashika yote niliyowaamuru ninyi", na miongoni mwa hayo yote, sura chache tu nyuma katika kitabu hichohicho, limo karipio kwa walimu wa dini wanaolipa zaka za mnanaa na bizari huku wameacha "adili, na rehema, na imani". Wanaosisitiza haki hutegemea sura ya 4 ya Luka, ambamo Yesu anasoma katika sinagogi la Nazareti unabii wa Isaya juu ya kuwahubiri maskini habari njema na "kuwaacha huru waliosetwa". Nao husahau mara nyingi kwamba Luka huyohuyo ndiye aliyeandika kwa kirefu juu ya toba, msamaha wa dhambi na kushuka kwa Roho Mtakatifu. Sura ya 13 ya Warumi, inayoagiza kila mtu aitii mamlaka iliyo kuu, hunukuliwa sana na wenye mamlaka. Sijapata kusikia waziri akinukuu sura ya 13 ya Ufunuo, ambamo mamlaka hiyohiyo ya Roma ni mnyama atokaye baharini.

Watoro wa Rabai na vibarua wa walowezi

Katika pwani yetu Ukristo wa karne ya 19 ulifika ukiwa tayari umefungamana na suala la utumwa. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, wakawakomboa watoto kwa fedha na kuwalea katika kijiji cha Kikristo. Waanglikana wa shirika la misheni la CMS walianzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mwaka 1875. Unguja, jiwe la msingi la kanisa kuu la UMCA, misheni nyingine ya Kianglikana, liliwekwa mwaka 1873 palepale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka huohuo. Haya yote husimuliwa kama ushahidi kwamba Injili na haki ziliandamana tangu mwanzo, na masimulizi hayo si ya uongo. Lakini kumkomboa mtoto kwa fedha ni huduma, hata iwe tukufu namna gani: mnunuzi anamtoa mmoja, na soko linabaki na bei yake.

Jambo la haki lilizuka Rabai katika miaka ya 1880, pale watumwa watoro kutoka mashamba ya pwani walipokimbilia kijiji cha misheni na mabwana zao wakadai warudishwe. Sera ya CMS ilikataza kuwahifadhi watoro, kwa kuwa wamisionari hawakutaka kukosana na sultani na wenye mashamba. Aliyewapokea kwa wingi alikuwa William Jones, mhudumu wa Kanisa aliyewahi kuwa mtumwa mwenyewe kabla ya kukombolewa na kusomeshwa India. Mwaka 1888 idadi ya watoro katika vijiji vya misheni ilikuwa imepita elfu moja na hatari ya mapigano ilikuwa wazi, hata ikabidi Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki iwalipe mabwana fidia, na mwanzoni mwa 1889 watoro hao wakapewa hati za uhuru. Tamko lolote la mkutano wa utume lilikuwa bado halijaandikwa. Jones alikuwa na watu mlangoni tu, na sera iliyomwambia awafukuze.

Mfano ulio wazi kuliko wote, na ambao hausimuliwi sana makanisani, ni wa mwaka 1919. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha, walowezi wa Kizungu wa Kenya walilia kwa kukosa vibarua, na serikali ya Gavana Edward Northey ikatoa waraka wa tarehe 23 Oktoba ulioagiza maafisa wa utawala, machifu na wazee wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba hayo, wanawake na watoto wakiwemo pale mashamba yalipokuwa karibu na makwao. Majina ya machifu waliosaidia na ya wale wasiosaidia yangeandikwa na kufikishwa kwa gavana. Kila aliyeishi chini ya chifu wa wakati ule alijua kwamba kuhimizwa kwa namna hiyo ni shokoa, yaani kazi ya lazima.

Maaskofu wawili wa Kianglikana, wa Mombasa na wa Uganda, pamoja na Dkt. John Arthur wa misheni ya Waskoti ya Kikuyu, walitoa tamko la pamoja. Walieleza waziwazi maovu ambayo agizo hilo lingeyazaa vijijini, lakini hawakuikataa kazi ya lazima yenyewe. Walipendekeza kwamba kama ulazima upo, basi uwekwe wazi kisheria na uwe na mipaka na ulinzi. Inafaa kutua kidogo kwa Arthur. Alikuwa daktari, aliyefika Kikuyu mwaka 1907 na kutumika huko miaka mingi, akiendesha hospitali na shule. Mwaka 1917 aliwaongoza mwenyewe vijana wa misheni kwenda kuhudumu katika kikosi cha wapagazi, kikosi kilekile kilichotuachia jina la Kariakoo na ambacho watu wake wengi hawakurudi nyumbani. Kwa kipimo cha huduma na maendeleo hana wa kumnyooshea kidole. Hata hivyo, aliposimama mbele ya mfumo uliokuwa ukiwamaliza watu haohao aliowatibu, alichoona ni utaratibu unaohitaji marekebisho. Wema wa moyo haukumfungua macho, na sidhani kwamba moyo wake ulikuwa na kasoro kuliko yetu. Huduma ya miaka mingi kando ya serikali humzoesha mtu kuona mambo kwa jicho la serikali.

Askofu wa Zanzibar, Frank Weston, aliona vingine. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu kikali akisema kwamba kumlazimisha mtu afanye kazi kwa faida ya mtu binafsi ni uovu kwa asili yake, na kwamba Uingereza ilikuwa inawageuza Waafrika kuwa watumwa wa mashamba yake. Alipokwenda Uingereza mwaka huo kwa mkutano wa maaskofu wa Lambeth aliendeleza kampeni hiyo, na wengine wenye nafasi, akiwemo J. H. Oldham wa baraza la misheni na Askofu Mkuu wa Canterbury, wakaibana Wizara ya Makoloni hadi mwaka 1921 ilipoagiza kwamba maafisa wasijihusishe tena na kuwatafutia walowezi vibarua. Ushindi huo ulikuwa nusu, kwa sababu kodi ya kibanda na kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha mfanyakazi, viliendelea kufanya kwa njia ya mzunguko kazi ambayo waraka ulikuwa ukiifanya moja kwa moja.

Weston anastahili kukumbukwa kwa jambo jingine pia. Wengi hudhani kwamba kiongozi wa dini anayeshughulika na haki ni lazima awe amelegea katika mafundisho ya imani. Weston alikuwa kinyume kabisa. Mwaka 1913, baada ya mkutano wa misheni uliofanyika Kikuyu, aliwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, kwa sababu ya mpango wao wa kushirikiana na misheni za Kiprotestanti zisizo za Kianglikana na kwa kushiriki nazo meza ya Bwana. Ushupavu huo unachusha, nami nisingependa kuwa padre chini yake. Lakini ni mtu huyohuyo aliyewaambia Waanglikana wenye mwelekeo wa Kikatoliki waliokusanyika London mwaka 1923 kwamba hawawezi kudai kumwabudu Yesu katika tabenakulo ikiwa hawamhurumii Yesu aliye katika vibanda vya maskini. Kwake fundisho la Mungu kufanyika mwili ndilo lililokataza mwili wa mtu yeyote utumikishwe, na kulilegeza fundisho hilo kungekuwa kulegeza hoja yake.

Aya mbili za Lausanne

Mpasuko kati ya "Injili ya wokovu" na "Injili ya jamii" tuliurithi kwa kiasi kikubwa kutoka kwenye ugomvi wa Waprotestanti wa Marekani wa mwanzoni mwa karne ya 20, na maazimio ya kuuziba yamekuwa mengi tangu miaka ya 1970. Sinodi ya maaskofu Wakatoliki iliyokutana Roma mwaka 1971 ilitamka kwamba kutenda kwa ajili ya haki ni sehemu ya msingi ya kuihubiri Injili yenyewe. Mkutano wa wainjilisti wa Lausanne, Julai 1974, katika aya ya tano ya azimio lake ulitubu kwa kuwahi kuuona uinjilisti na wajibu wa kijamii kana kwamba kimoja kinafukuza kingine, na katika aya ya sita ukasema kwamba katika utume wa Kanisa uinjilisti hutangulia. Hadi leo kila upande hunukuu aya yake na kuiruka ya mwenzake. Waanglikana nao, kuanzia miaka ya 1980, walijiwekea alama za utume, mojawapo ikiwa kutafuta kuibadilisha mifumo dhalimu ya jamii.

Kutoka kwetu ziliinuka sauti mbili ambazo mikutano hiyo haikuweza kuzipuuza. Oktoba 1970 Mwalimu Julius Nyerere aliwaambia watawa wa Maryknoll, New York, kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kuasi mifumo ya kijamii na kiuchumi inayowahukumu watu kuishi katika ufukara na udhalili, litakuwa halina maana kwa binadamu, na dini ya Kikristo itashuka kuwa mkusanyiko wa imani za kishirikina unaokubaliwa na waoga. Mwaka uliofuata Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, akizungumza nchini Marekani, alitaka kutuma wamisionari na fedha barani Afrika kusitishwe kwa muda ili Kanisa la Afrika lijifunze kusimama kwa miguu yake. Wengi walimkasirikia kana kwamba amepinga Injili. Gatu alikuwa ameuliza swali la haki ndani ya utume wenyewe: ni nani anayelipa, na anayelipa anaamua nini? Swali hilo nitalirudia, kwa sababu ndilo lililobaki.

Mlolongo

Mwezi Agosti 1986 chama cha KANU nchini Kenya kiliamua kwamba katika kuteua wagombea wapiga kura wajipange hadharani nyuma ya wamtakaye badala ya kupiga kura ya siri. Wachungaji zaidi ya elfu moja waliokuwa wamekutanishwa na Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, katika Chuo Kikuu cha Kenyatta walipinga. Sababu yao ilikuwa ya kichungaji kabla ya kuwa ya kisiasa: mchungaji akisimama Jumatatu nyuma ya mgombea mmoja, waumini waliokuwa kwenye mlolongo mwingine watampokeaje Jumapili akiwapa Ushirika Mtakatifu? Watu hawa hawakuacha utume wao ili waingie siasa. Amri ya chama ndiyo iliyoingia katika utume wao na kuwataka wachague.

Africa Inland Church, kanisa ambalo Rais Daniel arap Moi alikuwa muumini wake, lilijitoa katika NCCK mwaka huohuo likilalamikia msimamo wa baraza juu ya mambo ya siasa. Hapa pana jambo linalopaswa kuonekana bila kuongezewa chumvi: kukaa upande wa serikali kulihesabiwa kuwa ni kutokuwa na upande. Hakuna waziri aliyewaonya viongozi wa kanisa hilo kwamba kumuunga mkono rais ni kuchanganya dini na siasa. Kwa hiyo ukisikia mtu akitaka Kanisa "lisiingilie siasa", ni vema kuuliza kama katazo hilo linahusu pia sala ya shukrani kwa ajili ya serikali mbele ya kamera za televisheni.

David Gitari, askofu wa Mlima Kenya Mashariki tangu mwaka 1975, ndiye aliyeonyesha vizuri kuliko wote jinsi mambo matatu niliyoyatenganisha hapo juu yanavyoweza kukaa katika mwili mmoja. Dayosisi yake, yenye makao Embu, ilikuwa na wahudumu wa afya wa vijijini, miradi ya maji na kilimo. Ilifungua parokia mpya nyingi na kutuma wainjilisti kwa wafugaji wa kaskazini, hata ikabidi mwaka 1990 igawanywe kuwa Embu na Kirinyaga. Msingi wake aliutoa katika Luka 2:52, kwamba Yesu alikua katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu, akasema kwamba Kanisa likuze watu katika pande zote nne. Alipofika kwenye haki hakuacha mimbari akatafuta jukwaa. Alikuwa akifafanua Biblia kitabu kwa kitabu, na mwaka 1987 alipohubiri sura ya 6 ya Danieli, juu ya mfalme aliyesainishwa amri kwa haraka na watumishi wenye hila, wanasiasa walijiona humo na kumshambulia kwenye magazeti. Alipohubiri habari za Nabothi, aliyeuawa ili mfalme alitwae shamba lake la mizabibu, kila mtu katika wilaya alijua ni ardhi ipi iliyonyakuliwa. Usiku mmoja wa Aprili 1989 watu wenye silaha walivamia nyumba yake Kirinyaga, naye akaokoka kwa kupanda juu ya paa na kupiga kelele hadi majirani wakafika.

Alexander Muge, askofu wa Eldoret, aliyekuwa polisi kabla ya kuwa mchungaji, hakuwa na bahati hiyo. Agosti 1990 waziri Peter Okondo alimwonya hadharani asikanyage Busia, akisema huenda asitoke akiwa hai. Muge alikwenda tarehe 14, akafa siku hiyohiyo njiani akirudi, gari lake lilipogongana na lori. Okondo alijiuzulu. Miezi minne baadaye mlolongo ulifutwa, na Desemba 1991 Kenya ikarudi katika mfumo wa vyama vingi. Si kazi ya Kanisa peke yake, kwani wanasheria, wanasiasa na wafadhili wa nje walichangia. Lakini katika nchi ambamo hata magazeti yalitishwa, mimbari ndiyo iliyobaki kuwa mahali ambapo jambo lingeweza kusemwa kwa sauti.

Hesabu ya Rwanda

Anayesema kwamba watu wakihubiriwa na kuokoka haki itafuata yenyewe hana budi kuijibu Rwanda. Katika miaka ya 1990 takribani Wanyarwanda tisa kati ya kumi walikuwa Wakristo, na uamsho uliotoka Gahini miaka ya 1930 ulikuwa umeenea Afrika Mashariki yote kwa Tukutendereza, wimbo wake wa sifa. Aprili 1994 watu walikimbilia makanisani na kuuawa humohumo: Nyamata, Ntarama, Nyange. Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha ilimtia hatiani mchungaji Elizaphan Ntakirutimana wa Waadventista mwaka 2003, na mwaka 2008 rufaa ya padre Athanase Seromba, ambaye kanisa lake la Nyange lilibomolewa kwa tingatinga likiwa limejaa watu, iliishia kwa kifungo cha maisha. Wapo pia mapadre, watawa na wachungaji waliouawa kwa sababu walikataa kuwatoa watu, na kuwasahau ni dhuluma ya pili. Bado hesabu ya ubatizo ilikuwa kubwa kuliko hesabu ya waliokataa.

Hata hivyo Rwanda haiwapi ushindi rahisi wale wa upande wa haki. Tarehe 11 Februari 1959 Askofu André Perraudin wa Kabgayi, Mswisi, alitoa waraka wa Kwaresima uliozungumzia haki ya jamii na upendo. Ndani yake alieleza kwamba tofauti za utajiri na madaraka nchini Rwanda zilihusiana kwa sehemu kubwa na tofauti za jamii za Wahutu na Watutsi. Misheni ileile ambayo kwa miongo ilikuwa imewapendelea watoto wa wakuu wa Kitutsi katika shule zake sasa iliutetea upande wa pili, kwa lugha ya haki, lakini ikitumia ramani ileile ya kikabila iliyosaidia kuichora. Novemba mwaka huo machafuko ya kwanza makubwa yakalipuka. Simlaumu Perraudin kwa kila kilichofuata kwa miaka 35, maana aliagiza pia upendo juu ya yote. Ninachosema ni kwamba Kanisa likitetea kundi badala ya aliyedhulumiwa, limeshaingia katika mashindano ya makundi hata kama takwimu zake ni sahihi. NCCK iligundua jambo la namna hiyo baada ya uchaguzi wa 2007: Februari 2008, watu wakiwa wamekwisha kuchomwa moto ndani ya kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret, viongozi wake walikiri hadharani kwamba walikuwa wameegemea pande za kisiasa kulingana na makabila yao na wakaomba msamaha. Wale wanaohofia kwamba askofu anaweza kuwa kada wa chama hawaoti ndoto za mchana.

Haki inapobisha mlango wa Kanisa

Tanzania ina historia yenye utulivu zaidi, na pengine kwa sababu hiyo ina fumbo gumu zaidi. Kwa Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ilitwaa shule nyingi za misheni. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya haki: shule hizo ziliwasomesha zaidi watoto wa Kikristo, na Waislamu waliachwa nyuma katika kila kazi iliyohitaji cheti. Nyerere aliyewahimiza watawa wa Maryknoll waasi mifumo dhalimu ndiye aliyeliambia Kanisa la nchini mwake kwamba yeye mwenyewe anaiona mojawapo ya mifumo hiyo ndani ya madarasa ya misheni. Maaskofu kwa jumla walikubali, wengine kwa moyo na wengine kwa kukosa njia. Ni mara chache sana mafundisho ya utume hutaja hali hii, ambapo haki ya jamii inadai Kanisa liachie kitu chake.

Uchumi ulipodorora serikali ilirudi. Hospitali ya Bugando, iliyotwaliwa mwaka 1972, ilirudishwa kwa maaskofu Wakatoliki mwaka 1985, na mwaka 1992 yakatiwa saini makubaliano kati ya serikali na makanisa yaliyoanzisha tume ya pamoja ya huduma za jamii ya Wakatoliki na Waprotestanti, CSSC. Leo hospitali teule za makanisa hupokea ruzuku na watumishi wanaolipwa na serikali. Mgonjwa wa Ndanda au Haydom, zilipo hospitali za makanisa, hana sababu ya kulalamika. Lakini askofu mwenye hospitali tano zinazosubiri ruzuku huupima waraka wake kwa mizani ambayo askofu asiye na hospitali hana. Kwa hiyo nyaraka za mwaka 2018, ule wa Kwaresima wa maaskofu Wakatoliki na ule wa Pasaka wa maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, KKKT, uitwao Taifa Letu, Amani Yetu, zilikuwa na uzito kuliko maneno yake, na zogo lililofuata juu ya barua ya ofisi ya msajili wa vyama iliyowataka Walutheri waufute waraka wao lilionyesha kwamba serikali nayo iliusikia uzito huo.

Hapo ndipo ninapoliona swali la Gatu likirudi, safari hii bila wamisionari. Fedha inayofunga ndimi za makanisa mengi sasa haitoki Ulaya. Inatoka kwenye harambee, mkononi mwa mbunge aliyekalishwa kiti cha mbele. Kenya imelisema jambo hili wazi kuliko majirani zake. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Waanglikana aliwazuia wanasiasa kuhutubia kanisani. Juni 2024 vijana walioandamana kupinga Muswada wa Fedha waliwauliza wachungaji wao, mitandaoni na ana kwa ana, kwa nini michango ya wanasiasa ilikuwa tamu hivyo. Novemba 2024, siku chache baada ya maaskofu Wakatoliki kuikosoa serikali vikali, Rais William Ruto alitoa mamilioni ya shilingi katika parokia ya Soweto, Nairobi, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza fedha hizo zirudishwe.

Sehemu ya fedha zile ilikuwa ya kujenga nyumba ya mapadre. Nyumba hiyo bado ilihitajika baada ya fedha kurudishwa, na waliobaki kuijenga ni waumini wa mtaa ambao wengi wao hawana nyumba zao wenyewe. Waraka huandikwa na maaskofu wachache katika ukumbi mmoja; kama utaweza kuandikwa mwakani, hilo huamuliwa parokiani mapema zaidi, na kamati ya ujenzi inapokaa kupanga ni nani aalikwe kuwa mgeni rasmi.